Tangazo Linalovaliwa

Nauza khanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Tangu asubuhi spika za majirani hurudia sauti ile ile iliyorekodiwa: bei, bei, bei. Mteja akivuka barabara ameshasahau duka. Khanga haipigi kelele, lakini doti moja huenda sokoni, msibani na kwenye ngoma, kisha hutumika kubebea mtoto.

Ndiyo maana vyama vya siasa na mashirika huchapisha zao. Katikati, kwenye mji, hukaa nembo au sura ya mgombea. Chini, penye jina, yaani msemo wa khanga, hukaa ujumbe. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, naye alichapishwa kwenye khanga, wala hakutoa senti. Kampeni za UKIMWI nazo zimepita humu.

Wengi wanaokuja kuuliza kuhusu kuchapisha khanga zao huleta maneno marefu kama taarifa ya habari. Nawaambia: mama anataka jina fupi, la kumrushia jirani. Nembo iwe ndogo, pindo liwe zuri, rangi isichuje. Khanga ya bure yenye pindo baya huishia kudekia sakafu, sura ya mheshimiwa ikiwa humo humo.