Kunakili Kazi ya Mabingwa

Sisi wa Kolwezi twaijua kobalti kwa sababu ya migodi. Wachache wajua kwamba wachoraji nao huihitaji: mwaka 1802 Mfaransa Thénard alivumbua namna ya kutengeneza kwayo rangi nzuri ya bluu. Basi, mali ya ardhi yetu imo katika visanduku vya wachoraji wa dunia. Je, nyuso zetu nazo zimo katika picha?

Sisi tulijifunza kuchora kwa rangi za mafuta kwa kunakili picha ya Don Miguel de Castro, mjumbe wa Soyo katika Kongo ya kale, iliyochorwa Uholanzi karibu na mwaka 1643, na ambayo yatunzwa Copenhagen. Tuliipiga miraba picha ya kitabuni, tukahamisha mistari yake kwenye turubai, tukaweka vivuli kwa kahawia iliyozimuliwa na tapentaini. Kisha tukakosea: tulipaka uso wote rangi nyeusi tupu. Ukawa kama kipande cha makaa, hauna uhai.

Tukafuta, tukatazama upya. Kumbe ngozi nyeusi haina rangi moja: penye mwanga huingia bluu kidogo, penye kivuli wekundu wa udongo. Tukaanza tena tabaka kwa tabaka, la juu likizidi la chini kwa mafuta ya kitani, ili rangi isipasuke.

Wako wanaolaumu kunakili. Pierre Romain-Desfossés, aliyefungua karakana mwaka 1946 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kwake walitokea Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao sifa zao zimevuka bahari. Hofu yake ilikuwa ya haki, maana anayenakili daima husahau mkono wake. Lakini mtoto naye hujifunza kusema kwa kufuata maneno ya mama yake, kisha husema yake mwenyewe.

Tulipomaliza nakala, tulimketisha mlangoni baba yetu, aliyezeekea kazi ya mgodi. Bluu ile ya kobalti tukaiweka kwenye paji la uso wake. Alipoiona picha alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaagiza mama aitwe.

Basi, vijana, nakilini kwa unyenyekevu, lakini msikae huko. Kazi ya bingwa ni ngazi, si nyumba. Nyumbani kwenu zipo nyuso zinazongoja.