Picha za watoto wachanga: Mwenye studio aombe idhini kwanza

Wazazi wa Kibera na Kawangware wanaopeleka watoto wachanga studio kupigwa picha za familia wana haki ya kuamua jinsi picha hizo zitakavyotumiwa. Mzazi akilipia picha, hajamruhusu mpiga picha kuibandika mlangoni wala kuiweka Facebook ili kuvutia wateja.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, picha ikiwemo. Mpiga picha ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba aliruhusiwa, hivyo ni heri makubaliano yaandikwe, hata nyuma ya risiti. Mzazi anaweza kuondoa idhini yake wakati wowote.

Mnamo Septemba 2023, shule moja ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Picha ikitumiwa bila ruhusa, mzazi amwombe mwenye studio aiondoe. Akikataa, malalamishi yapelekwe kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo kisheria inapaswa kuyashughulikia ndani ya siku 90.