Paroko Kahamishwa, Si Kahukumiwa

Kila barua za uhamisho zinaposomwa makanisani, sisi tunaoshughulika na sheria za Kanisa tunaulizwa swali moja: "Baba paroko kakosa nini?" Nani anakuja, au anayeondoka anatumwa kazi gani, hakuna anayeuliza. Kinachotakiwa ni kosa, na lisipoonekana linatungwa: kala fedha za ujenzi, kagombana na halmashauri ya walei, kuna mwanamke. Padre anapomaliza kufunga mizigo, jina lake limekwisha kuchafuka hadi kwenye vigango vya parokia anayoendea. Nimechoka kulijibu mlangoni mwa kanisa, basi nalijibu hapa.

Katika Sheria za Kanisa zilizotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, adhabu zimo Kitabu cha Sita. Uhamisho wa maparoko umewekwa Kitabu cha Saba, kanuni ya 1748 hadi 1752. Na hiyo ya 1748 inamzungumzia paroko anayeiongoza parokia yake vizuri, ila wokovu wa watu au mahitaji ya Kanisa yanamtaka kwingine. Askofu anampendekezea kwa maandishi na kumshawishi akubali. Padre akikataa, anaandika sababu zake. Askofu akishikilia nia yake, anazipima pamoja na mapadre wawili, kisha anamsihi tena kibaba kabla ya kutoa amri. Mhalifu gani husihiwa hivyo?

Paroko ambaye utume wake umeharibika ana utaratibu wake mwingine, wa kuondolewa, kuanzia kanuni ya 1740. Hata huko sheria inatamka wazi kwamba huenda hana kosa zito lolote: ugonjwa wa kudumu ni sababu mojawapo. Kwa hiyo hata aliyeondolewa, msikimbilie kusema kaiba.

Wapo wanaonijia na kanuni ya 522, kwamba paroko ateuliwe bila kikomo cha muda. Waisome yote. Uthabiti huo unamkinga asihamishwe kiholela. Haumfungi parokia moja mpaka kufa. Tena kanuni hiyo hiyo inaruhusu uteuzi wa muda maalumu pale baraza la maaskofu lilipoamua hivyo.

Nitaambiwa: mbona wapo waliohamishwa ili uovu wao ufichwe? Ni kweli, na ni dhambi iliyoliumiza Kanisa vibaya. Ndiyo maana mwaka 2019 Papa Fransisko aliyaagiza majimbo yote yawe na njia ya kupokea taarifa za unyanyasaji wa kijinsia. Mwenye taarifa ya mtoto aliyeumizwa aipeleke huko na polisi, leo, padre awe anahama au anabaki. Akiiacha izunguke kwenye jumuiya kama umbea, inachanganyika na uzushi mwingine wote, na mwenye hatia anapata pa kujificha.

Na wale wanaofunga kanisa kwa kufuli, wanaogoma kutoa sadaka, wanaokodi basi kwenda kumshinikiza askofu, acheni. Mnampa mrithi asiyewajua mapokezi ya uadui, na mnamwongezea anayeondoka shaka kwamba yeye ndiye aliyewachochea. Kanuni ya 212 inawapa haki ya kumweleza askofu mahitaji ya parokia kwa heshima. Itumieni mapema, kwa barua yenye hoja, si baada ya tarehe ya kusimikwa paroko mpya kutangazwa.

Kazi iliyopo ni hii. Kamati ya fedha ifunge hesabu na kuandika madeni yote ya mafundi na maduka. Orodha ya mali ihakikiwe, na ionyeshe gari ni la parokia au la padre binafsi. Waweka saini benki wabadilishwe. Vitabu vya ubatizo na ndoa vijazwe vyote kabla kumbukumbu hazijaondoka na mtu. Pakitokea pengo, paroko msaidizi ndiye anayeshika uongozi mpaka askofu ateue msimamizi. Na ninyi mnaotaka padre aliyehama arudi kuwafungisha ndoa: muombeeni idhini kwa paroko mpya, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe. Bila idhini hiyo hana tena mamlaka ya kufungisha ndoa pale, na ndoa yenu inaweza kuwa batili.