USINGIZI WA KUMPUMZISHA MGONJWA

Watu wengi, wasikiapo kwamba daktari amempa dawa ya usingizi mgonjwa aliye karibu kufa, hunong'ona kwamba amemwua. Neno hilo ni zito, na huwaachia jamaa majuto yasiyo na sababu. Basi yafaa tulieleze jambo lenyewe.

Mgonjwa asiyeweza kupona hupewa tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mateso. Dawa kubwa ya maumivu makali ni mofini. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi mjini Kampala, akatumia unga wa mofini uliochanganywa na maji, dawa ya bei ndogo ambayo mgonjwa aweza kuinywa hata nyumbani. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nayo imetengeneza dawa ya namna hiyo.

Wengi hutulia kwa matunzo hayo. Lakini wako wachache ambao, katika siku zao za mwisho, hupata mateso yasiyosikia dawa yoyote, kama kukosa pumzi au kuweweseka sana. Hao ndio hulazwa usingizi, aghalabu kwa dawa iitwayo midazolamu. Daktari huanza na kipimo kidogo, huongeza kidogo kidogo mpaka mateso yatulie, kisha huishia hapo. Mwuaji hutafuta kifo; daktari huyu hutafuta utulivu. Tena uchunguzi uliofanywa juu ya wagonjwa wa saratani haukuonyesha kwamba usingizi huo, ukitolewa vyema, hufupisha maisha. Ugonjwa ndio uuao.

Hata hivyo, aliyelala hasemi. Kwa hiyo mgonjwa aulizwe mwenyewe angali na akili zake, na mambo ya wosia, madeni na kusameheana yamalizwe kwanza. Akiisha kulala, jamaa wamgeuze ubavu, wamloweshe midomo na kusema naye kwa upole.

Sisi wa Issuna, kando ya barabara ya Singida na Manyoni, tu mbali na hospitali kubwa, na wako wagonjwa wanaorudishwa nyumbani. Dawa ya usingizi si ya kutolewa na jamaa. Yataka mtu aliyefundishwa. Lakini aonaye mateso yamezidi asikae kimya. Aende kwa mganga akaulize habari za tiba shufaa mapema. Kuuliza hivyo si kumtakia mgonjwa kifo, bali ni kumtunza mpaka mwisho.