Kabla ya kuishusha Forester yako, pima mwendo wa springi

Gari aina ya SUV likishushwa sentimita tatu, mtaa mzima unajua. Pengo kati ya tairi na bodi linajaa, rimu zilizokuwa zikionekana ndogo zinapata saizi yake, na gari zima linakaa kama limejikita barabarani. Ndiyo maana kwenye gereji za Dar es Salaam mteja mwenye Subaru Forester au Toyota Harrier hutaka kujua bei na siku ya kufungiwa springi fupi. Ni wachache wanaouliza sentimita hizo tatu zimetolewa wapi.

Zimetolewa kwenye nafasi ambayo mhandisi wa kiwandani aliiacha makusudi ili tairi lipate pa kupanda linapokutana na tuta au ukingo wa shimo. Mafundi wengine huiita mwendo wa springi: umbali kuanzia gari linaposimama kwa uzito wake hadi pale shokapu inapogota. Nasema bila kusita kwamba ulaini wa safari hutegemea mwendo uliobaki kuliko unavyotegemea jina lililoandikwa kwenye springi, na kwa barabara zetu mwendo huo ni mali ya kulindwa.

Hesabu ya tuta

Chukua gari ambalo tairi lake la mbele lina milimita 80 za kupanda kabla ya kugota. Lishushe kwa milimita 30, zimebaki 50. Muuzaji atakwambia usiwe na wasiwasi, springi mpya ni ngumu zaidi, itafidia. Hesabu inakataa. Nguvu ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza hukua kwa mraba wa umbali inaobanwa. Ili imeze pigo lilelile ndani ya milimita 50 badala ya 80, lazima iwe ngumu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyotoka na gari. Springi za kushushia zinazouzwa kwa magari ya barabarani huongezwa ugumu mdogo mno kuliko huo, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30, kwa sababu zingetengenezwa ngumu kiasi kile hakuna familia ambayo ingekubali kupanda gari hilo.

Upungufu huo unabebwa na raba ya kugotea, kile kipande kilichovaa kwenye shafti ya shokapu, kazi yake ikiwa kuzuia chuma kisigonge chuma. Kwenye gari lisiloshushwa, raba hiyo huguswa mara chache, kwa tuta kali au shimo la ghafla. Kwenye gari lililoshushwa inageuka kuwa springi ya pili inayofanya kazi kila siku, na ugumu wake hupanda ghafla. Mtu anayeruka kutoka ukutani hukunja magoti anapotua; mwambie aruke akiwa amekwisha kuchuchumaa nusu, na pigo lote litampanda mgongoni. Ule mshindo mfupi wa "du!" ambao abiria wa nyuma huusikia kwenye tuta, huku mwenye gari akisema ni springi mpya bado hazijazoea, kwa kawaida ni raba inayogota.

Kwenye lami nzuri mambo ni tofauti, na ni haki kuyasema. Gari la kawaida la familia hupanda na kushuka juu ya springi zake kati ya mara moja na mara moja na nusu kwa sekunde. Ongeza ugumu wa springi kwa asilimia 20, na kasi hiyo itapanda kwa asilimia 10 hivi. Dereva anahisi gari limekazika, haliyumbi linapopishana na lori, na usukani unaitika upesi. Hisia hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mteja huijaribu kwenye Barabara ya Bagamoyo asubuhi ya Jumapili, kisha anaishi nayo kwenye njia ya mtaani kwake siku sita zilizobaki.

Kwenye meza ya fundi

Ukitaka kuelewa kinachobadilika, simama karibu na fundi anapofanya kazi ya gurudumu moja la mbele. Kabla hajagusa bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye nako, kile kipande kinachobeba gurudumu, fundi makini wa Subaru huweka alama ya rangi kwenye ile ya juu, maana kichwa chake kina mduara usio sawa unaopanga mlalo wa tairi. Akiirudisha popote, tairi litaegemea ndani au nje na kuliwa upande mmoja.

Shokapu ikishatoka nzima, springi hubanwa kwa vibanio viwili vinavyokabiliana, kila kimoja kikikazwa kidogo kidogo kwa zamu. Nati ya juu haifunguliwi mpaka springi icheze kwenye kikalio chake. Springi iliyobanwa ikiponyoka ina nguvu ya kuvunja mkono au kuua, na hakuna ushujaa katika kuibana kwa waya.

Springi mbili zikiwekwa sambamba, tofauti inasomeka kwa macho. Ya zamani ni ndefu, na nafasi kati ya mizunguko yake inakaribia kulingana. Nyingi za kushushia, kama zile za Eibach ya Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1951, au za Tein ya Yokohama, iliyoanza mwaka 1985, ni fupi, na upande mmoja mizunguko yake imekaribiana. Mizunguko hiyo hugusana kwanza gari linapobeba uzito, na iliyobaki ndiyo inayofanya kazi, hivyo springi huanza laini na kuongezeka ugumu kadiri inavyobanwa. Ni ubunifu mzuri. Lakini haurudishi milimita zilizoondolewa.

Jambo ambalo hurukwa kuliko yote linahusu bushi. Bushi ya mkono wa chini haizunguki. Ni raba iliyogandishwa kwenye chuma, na hujisokota mkono unapopanda na kushuka. Bolti zake zinapaswa kukazwa mwisho gari likiwa limekanyaga chini, katika kimo chake kipya. Fundi akizikaza gari likining'inia kwenye jeki, bushi zitakuwa zimejisokota muda wote gari linapotembea. Safari itakuwa ngumu bila sababu, na baada ya muda raba itachanika. Hata pale ambapo mkono haukufunguliwa, bolti zilegezwe na kukazwa upya, kwa sababu kimo kimebadilika. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo huondoa sehemu ya lawama ambazo springi hubebeshwa bure.

Halafu kuna shokapu zenyewe. Springi ikiwa ngumu zaidi, shokapu inahitaji nguvu zaidi kuituliza. Shokapu ya gari lililotoka Japani likiwa limekwisha kutembea kilomita 100,000 haina nguvu hiyo ya ziada. Pengine hata ile ya awali imepungua. Matokeo yake ni gari ambalo ni gumu na linadunda kwa wakati mmoja, hali mbaya kuliko zote. Baadhi ya Forester za miaka ya nyuma zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likijazwa mzigo. Hizo zilipangiwa springi laini, kwa kuwa shokapu yenyewe hubeba sehemu ya uzito. Kuzifungia springi za kawaida bila kubadili shokapu ni kuvuruga mfumo mzima.

Faida iliyopo, na mahali inapoishia

Kushusha SUV kuna hoja moja ya usalama inayostahili heshima. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hupima hatari ya gari kupinduka kwa kugawa nusu ya upana kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa milimita 1,545 na kitovu kilicho milimita 620 kutoka ardhini linapata takriban 1.25. Kitovu kikishuka kwa milimita 25, linapata 1.30, karibu na eneo la magari madogo ya chini. Kwenye kona ya ghafla, tofauti hiyo ina maana.

Forester, hata hivyo, ilianza na faida hiyo mkononi. Tangu ilipotoka mwaka 1997 ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Impreza, injini yake hulala, pistoni zikienda kushoto na kulia, hivyo uzito mkubwa wa mbele uko chini tayari. Isitoshe, katika mfumo wa mbele wa gari hili, mikono ya chini ikishapita usawa na kuanza kuelekea juu upande wa tairi, kile kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Bodi inapata nguvu zaidi ya kulala, na sehemu ya ugumu ulionunua inatumika kurudisha ulichopoteza.

Kiwanda chenyewe kilionyesha njia. Mwaka 2004 Subaru ilitoa kwa soko la Japani Forester STI, iliyokuwa chini kuliko Forester nyingine. Haikubadilishwa springi peke yake. Ilipewa shokapu zilizopangwa pamoja na springi hizo, breki za Brembo na usukani wenye kuitika upesi zaidi. Mwenye kutaka kuiga aige kazi yote.

Wale waliojenga magari kwa ajili ya barabara za Afrika Mashariki walikwenda upande wa pili kabisa. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 na Richard Burns ile ya 2000, wote wakiwa na Subaru Impreza. Magari hayo yaliinuliwa na kupewa mwendo mrefu wa springi, ingawa yalikuwa ya mbio, kwa sababu tairi lisilo na pa kupanda huruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Kanuni hiyo inamhusu pia baba anayempeleka mtoto shule kupitia njia yenye makorongo.

Mzigo, matairi na msumeno

Forester iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2012 ina milimita 220 kati ya tumbo lake na ardhi. Ukiishusha 30, zimebaki 190, na hicho ni kipimo cha gari tupu. Weka abiria watano na mizigo ya sikukuu, nyuma inakaa chini zaidi, na mwendo uliokuwa umepunguzwa unapunguzwa tena kabla gari halijaondoka nyumbani. Kuanzia Chalinze kwenda Segera, kila kijiji kina matuta yake. Dereva atapunguza kasi mpaka karibu asimame, au atalivuka tuta kwa mshazari akiwazuia wanaokuja nyuma, au ataburuza ekzosi.

Wengi huongeza kosa la pili siku hiyohiyo: rimu kubwa zenye matairi membamba. Tairi la 225/60 la rimu 17 lina ukuta wa milimita 135. La 235/45 la rimu 18 lina milimita 106. Hewa ndani ya ukuta huo ndiyo springi ya kwanza inayokutana na kokoto na nyufa za lami. Ukipunguza springi za chuma na za hewa kwa pamoja, usitegemee mtoto alale kwenye kiti cha nyuma.

Kuhusu kukata springi kwa msumeno, au kuichoma moto mpaka inyong'onyee, sina maneno laini. Ukikata mzunguko mmoja kati ya sita unaofanya kazi, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, lakini ncha yake haikai tena vizuri kwenye kikalio, na tairi likining'inia inaweza kuhama. Moto ni mbaya zaidi: huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, springi hukaa chini siku hadi siku, na inaweza kukatika ukiwa njiani. Fundi anayekupendekezea hivyo usimpe ufunguo wa gari lako.

Uamuzi ulio mikononi mwako

Kama kinachokukera ni gari kulala kwenye kona, anza na stabilaiza nene zaidi. Chuma hicho huunganisha tairi la kushoto na la kulia, hivyo hupinga gari kulala upande mmoja. Kwenye tuta linalopandwa na matairi yote mawili kwa pamoja hakiongezi ugumu wowote, na kimo hakiguswi. Kama gari linadunda, badilisha shokapu na bushi kwanza, ukiacha springi za kiwandani mahali pake. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba gari walilokuwa wakilitamani ndilo lilelile walilonalo, likiwa zima.

Kama bado unataka kulishusha, basi lishushwe kwa ukamilifu: springi iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, shokapu mpya zinazoendana nayo, raba ya kugotea fupi kama mtengenezaji anavyoelekeza, alaimenti siku hiyohiyo, na taa za mbele zipangwe upya. Kampuni ya bima nayo ielezwe.

Kabla ya yote hayo, fanya kipimo kisichogharimu kitu. Inua kifuniko cha vumbi cha shokapu, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kuzunguka shafti, isukume hadi iguse bomba la shokapu, kisha liendeshe gari wiki nzima kwenye njia zako za kawaida, likiwa na abiria wako wa kawaida. Shokapu inapobanwa, kamba husukumwa juu na kubaki pale. Mwisho wa wiki pima umbali kati ya kamba na raba ya kugotea. Ukikuta milimita 40 hazijatumika, springi ya kushusha 30 inaweza kukufaa. Ukikuta kamba imegandamizwa kwenye raba, gari lako linatumia mwendo wake wote hata sasa, na hakuna springi fupi itakayolipunguzia kimo bila kukutoza ulaini. Liache lilivyo.