Mkunjo wa Protini na Uhai wa Seli

Seli ya mnyama inapochorwa ubaoni, kiini hutangulia, kisha kandokando yake huwekwa mistari michache iliyopindapinda. Mwanafunzi huiandikia jina la retikulamu endoplazimu na kwenda zake kwenye mitokondria. Mistari hiyo haiitendei haki sehemu yenyewe. Katika seli ya mnyama, zaidi ya nusu ya tando zote zilizomo ni za retikulamu hii: mifuko bapa na vifereji vilivyoungana, vikianzia kwenye utando wa kiini na kutambaa hadi karibu na ukingo wa seli.

Mwaka 1945 Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam walitazama seli za kiinitete cha kuku kwa hadubini ya elektroni, wakaona kitu mfano wa kimia. Mwaka 1953 Porter akakipa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya wavu mdogo. Baadaye George Palade alieleza vichembe vilivyoshikamana na tando hizo, ambavyo ndivyo ribosomu. Claude na Palade, pamoja na Christian de Duve, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1974.

Sehemu isiyo na ribosomu, yaani retikulamu laini, hutengeneza mafuta na, katika ini, huvunja sumu na dawa. Habari hii lakini yahusu ile yenye ribosomu. Humo huingia protini zitakazotolewa nje ya seli au kuwekwa katika utando wake. Mnyororo wa asidi amino, unapotoka kwenye ribosomu, ni kama shanga zilizotungwa uzini: mpangilio wa shanga ni sahihi, ila pambo bado. Ili protini ifanye kazi, hapana budi mnyororo ujikunje katika umbo moja maalumu. Protini wasaidizi huushikilia usijifunge ovyo, na vimeng'enya hufunga vifungo vya salfa vinavyoimarisha umbo hilo. Mnyororo uliokunjwa vibaya hauruhusiwi kutoka. Hujaribiwa tena, na ukishindikana hurudishwa katika saitoplazimu ukavunjwevunjwe.

Ukaguzi huu ni mkali, na pengine mkali kupita kiasi. Katika ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao hujaza mapafu makamasi mazito, wagonjwa wengi wana protini iliyopungukiwa asidi amino moja tu, ya 508, kati ya 1,480. Kazi ya protini hiyo ni kupitisha kloridi katika utando wa seli. Mwaka 1992 ilionekana kwamba seli zenye kasoro hii zikilelewa katika ubaridi kuliko joto la mwili, baadhi ya protini hizo hufika kwenye utando na kufanya kazi. Protini ilikuwa na uwezo, ilizuiliwa njiani. Tangu mwaka 2015 zimekuwapo dawa zinazoisaidia kujikunja.

Katika kongosho mambo huwa kinyume chake. Huko seli beta hutengeneza insulini, na kasi yake hukadiriwa kufikia molekuli 1,000,000 kwa dakika katika seli moja. Insulini ina asidi amino 51 na vifungo vitatu vya salfa, navyo hufungwa ndani ya retikulamu. Hata seli nzima, basi, hufanya kazi hii ukingoni mwa uwezo wake.

Retikulamu ikielemewa na minyororo isiyokunjika, hupiga mbiu. Jambo hili lilifumbuliwa kwanza katika hamira, ambamo mwaka 1993 Peter Walter na Kazutoshi Mori, kila mmoja na wenzake, walitambua protini iitwayo Ire1 inayopeleka habari hadi kwenye kiini. Katika seli za wanyama wapiga mbiu ni watatu. Kwa mbiu hiyo ujenzi wa protini mpya hupunguzwa, wasaidizi huongezwa, na retikulamu yenyewe hupanuliwa. Lakini shida isipokwisha, mbiu ile ile hugeuka amri ya kifo, na seli hujiua.

Ushahidi wa wazi ulitoka kwa panya wa aina iitwayo Akita, ambao kisukari chao kilielezwa mwaka 1997. Mwaka 1999 ilibainika kwamba asidi amino moja katika insulini yao imebadilika, hivyo kifungo kimoja cha salfa hakiwezi kufungwa. Panya ana nakala nne za jeni ya insulini. Nakala moja tu ikiwa na kasoro hiyo, panya huugua, ingawa tatu ni nzima na zaendelea kutoa insulini njema. Kwa hiyo ugonjwa hauanzi kwa upungufu wa insulini njema. Ile mbovu hukwama, huielemea retikulamu, na seli beta hufa moja baada ya nyingine.

Mwaka 2007 mabadiliko ya jinsi hiyo yalitambuliwa kwa watoto wanaopata kisukari tangu miezi ya kwanza ya maisha. Tiba yao ni sindano za insulini, kwa kuwa seli zilizokufa hazirudi. Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa Japani walikuwa wameiondoa katika panya wa Akita jeni iitwayo Chop, mojawapo ya zile zinazotekeleza amri ya kifo. Panya hao waliugua vilevile, ila walichelewa kwa wiki kadhaa.