Ndama wa kifaru: picha ya kupiga ukiwa njiani kwenda Kampala

Na Mwandishi Wetu, Arua

Mfanyabiashara anayetoka Koboko au Arua kufuata bidhaa Kampala huona wanyama wengi bila kulipa kiingilio: tembo karibu na Pakwach, nyani Karuma. Kifaru hatamwona barabarani, ingawa huku ndiko kulikuwa kwao.

Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi magharibi ya Nile, pamoja na eneo la Hifadhi ya Ajai, wilayani Madi-Okollo. Aliishi pia Sudan Kusini, na Garamba nchini Kongo, upande wa Faradje. Nchi zote tatu zinazopakana Koboko zilikuwa naye, na zote zikampoteza kwa ujangili na vita. Uganda ilibaki bila kifaru mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dume wa mwisho wa aina hiyo, Sudan, aliyekamatwa Shambe mwaka 1975, alikufa Kenya Machi 2018. Wamebaki majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu, wanaotunzwa Ol Pejeta, Kenya.

Kwa hiyo kila ndama anayezaliwa ni habari kubwa. Katika hifadhi ya Ziwa, karibu na Nakitoma kwenye barabara kuu ya Kampala–Gulu, kazi ilianza na vifaru weupe wa kusini sita: wanne kutoka Kenya mwaka 2005 na wawili kutoka Marekani mwaka 2006. Juni 2009 alizaliwa ndama wa kwanza. Kwa kuwa baba alitoka Kenya na mama Marekani, akaitwa Obama. Tangu hapo ndama wameendelea kuzaliwa.

Ukitaka kuwapiga picha, shuka Nakitoma, bodaboda zipo. Ndani ya hifadhi utatembea kwa miguu ukiongozwa na askari wa wanyamapori. Nenda asubuhi na mapema au alasiri, maana jua likiwa kali vifaru hulala kivulini. Mvua za Machi na Aprili zinapoanza, majani huwa mabichi na bado mafupi, hivyo ndama haonekani masikio tu.

Ndama wa kifaru mweupe hupenda kutembea mbele ya mama yake. Kaa ubavuni, usiwakatize njia, na usisimame kati yao. Mama hubeba mimba takriban miezi 16 na hukaa na mtoto miaka miwili au zaidi. Hamwachii mtu amsogelee. Akiinua kichwa na kukuelekezea masikio, tulia na ufuate maelekezo ya askari. Zima mwanga wa kamera ya simu na usitafute selfi ya karibu. Picha iliyokuzwa na kuwa na ukungu kidogo ni bora kuliko kuumia.

Kabla ya kuituma picha kwenye makundi ya WhatsApp au Facebook, hakikisha simu haionyeshi mahali ulipoipigia. Jangili naye anatazama. Na hapa mpakani, Oraba au Vurra, usikubali kubeba kifurushi cha mtu usichojua kilichomo. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imepigwa marufuku, na anayekamatwa kwanza ni aliyeshika mzigo.

Jirani zetu nao wameanza upya. Juni 2023, vifaru weupe wa kusini 16 kutoka Afrika Kusini walipelekwa Garamba. Uganda nayo imeitaja Ajai katika mipango yake ya kuwarudisha vifaru porini. Si ndugu wa damu kamili wa wale waliopotea, lakini wanakula majani yale yale na wanahitaji ulinzi ule ule.

Siku vifaru watakapoanza kuzaa Ajai kama wanavyozaa Ziwa, mtoto wa Arua hatahitaji kuvuka Nile kumwona ndama wa kifaru. Siku hiyo itategemea pia sisi tunaopita mipakani kila wiki, na tunachokubali kubeba.